Marashi Nayo Ni Maji

Maskati, Ijumaa baada ya swala

Kwako Mama Mkubwa, mlezi wangu,

Assalaam alaykum, na shikamoo yangu ikufikie hapo hapo ulipokaa. Najua umekaa kwenye mkeka wa ukumbini, mguu mmoja umeunyoosha kwa ajili ya goti, na Rehema yuko mbele yako anakusomea. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyoituma uliitumia, au uliwagawia majirani kama ile ya kwanza? Na hospitali wamesema lini watakufanyia upasuaji wa mtoto wa jicho? Mimi mzima, alhamdulillahi. Kinachonisumbua ni joto la huku na miguu kuvimba kwa kusimama kutwa.

Utauliza kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ipo. Sababu unayo mwenyewe. Kila nikipiga na kuligusia lile jambo la Zinga, unaniambia mtandao unasumbua, kisha simu inakatika. Mama Mkubwa, sijapata kuona mtandao unaojua kuchagua maneno ya kukatia namna hiyo. Ndiyo maana nimempa barua hii Bi Saumu wa Pangani, anayerudi likizo, aipitishe kwako. Rehema, mdogo wangu, soma mpaka mwisho, hata akikutuma ukaangalie maharage jikoni.

Kwanza habari zangu. Ile kazi ya ndani iliyonileta huku niliiacha salama, na shida zake unazijua, sina haja ya kukuliza upya. Sasa niko kwenye kiwanda kidogo cha losheni, sabuni na manukato. Mwenyewe anaitwa Bi Thuwaiba, Mwarabu wa hapa hapa, lakini bibi yake alizaliwa Unguja na Kiswahili kwao hakijatoka. Mimi nikisema vibaya ananisahihisha, hebu fikiria. Kazi yangu ni kupasha, kukoroga na kujaza chupa. Anayepima na kuchanganya ni Bi Latha, mama wa Kihindi aliyesomea kemia. Ni mpole, ila akianza kueleza jambo hana breki. Upweke upo. Sikukuu iliyopita nilikula biriani peke yangu chumbani nikatazama ukuta, nikalia mpaka biriani likapoa. Siku hizi silii sana. Nimezoea, na kazi naipenda.

Haya, tuingie kwenye lile usilotaka kulisikia. Rehema alinisimulia yote, na usimgombeze, nilimbana mimi. Narudia nilivyosikia, kama kuna mahali ametia chumvi utanisahihisha.

Ulichukuliwa kumsinga mwali wa Zinga kwa ajili ya harusi yake, yule binti wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Singo ya kumsugua mwili ukaitengeneza kama siku zote, liwa, mrihani, waridi kavu. Mafuta ya kusingia ukayapika mwenyewe kwa nazi, hapo nyumbani, siyo ya dukani. Halafu mama wa mwali akakuomba mafuta ya binti yake yanukie waridi kweli kweli, kuliko ya mwali yeyote aliyetangulia. Wewe, kwa kutaka kumfurahisha, ukachukua marashi, yale yale tunayonyunyizia watu kwa mrashi kwenye maulidi, ukayamimina ndani ya chupa ya mafuta. Ukatikisa. Yakawa meupe, mazito, mazuri. Ukayapeleka Zinga jioni ile, chupa ikawekwa dirishani chumbani kwa mwali.

Asubuhi wanawake wamejaa, vigelegele vimeanza, shangazi wa mwali akaichukua chupa akaiinua kwenye mwanga. Juu mafuta, chini maji. Akaizungusha kila mtu aone. Akasema mbele ya wote:

"Siku hizi somo anatusinga kwa maji ya bomba."

Na wewe ukasimama ukasema:

"Wallahi, sijatia hata tone moja la maji."

Chupa iko mkononi mwa yule mama, maji wanayaona wote kwa macho yao. Ukachukua mkoba wako na mtandio ukatoka, na wao wakamwita mtu wa saluni kutoka Dar. Tangu siku hiyo humsingi mtu. Wamekuja watu wa Mlingotini umewarudisha, umewarudisha na wa Lugoba waliotoka kote huko kwa ajili yako. Chungu chako cha kupikia mafuta umempa jirani apandie maua. Maulidini hukai tena na wenzio. Na unafunga kafara ya kiapo, Mama Mkubwa, ukisema umemtaja Mungu kwa uongo ingawa hujui uongo wenyewe umeutoa wapi. Niliposikia hilo la kufunga nililia kwa hasira. Nilitaka kupanda ndege nije nimshike yule shangazi ushungi.

Basi ikakaa moyoni. Nilijua hukutia maji, maana nakujua. Nilijua pia kwamba maji yalikuwamo, maana Rehema aliyaona. Sikujua nifanye nini na mambo hayo mawili kwa pamoja.

Majira ya waridi yalipofika Bi Thuwaiba akatuchukua mimi na Bi Latha kwenda kununua marashi milimani, Jabal Akhdar. Kaka yake ndiye aliyeendesha, na ile barabara inapanda mpaka masikio yanaziba. Huko juu kuna baridi, wanalima waridi kwenye ngazi za mawe, na marashi wanayatengeneza wenyewe majumbani. Mzee mmoja akatukaribisha jikoni kwake tuone. Ana chungu kimekaa juu ya moto. Ndani anatia maua ya waridi yaliyochambuliwa, pamoja na maji. Katikati anaweka kibakuli cha shaba. Juu anafunika kwa sahani kubwa yenye maji baridi. Maji ya chini yanachemka, mvuke unapita kwenye maua ukibeba harufu, unapanda, unagonga ile sahani ya baridi, unarudi kuwa matone, yanadondokea kwenye kibakuli. Hayo ndiyo marashi.

Nikauliza, na nini tena? Akasema hakuna tena.

Mama Mkubwa, nilisimama pale kama mtu aliyepigwa kofi. Nikasema kwa sauti, haya si ni maji. Bi Thuwaiba akacheka, akaniuliza nilidhani yanakamuliwa kama maziwa. Lakini mimi nilidhani nini? Tangu utoto nayaona kwenye chupa ya dukani, yananukia, yana picha ya ua, sikuwahi kujiuliza yametengenezwa kwa kitu gani. Wewe pia hukuwahi. Kwetu marashi ni marashi, yanakaa kabatini na udi, hayakai na mtungi wa maji. Nani angekaa akawaza kwamba ni maji yaliyobeba harufu ya ua?

Kwa hiyo ni kweli hukutia maji ya bomba wala ya kisima. Ulitia marashi, na marashi nayo ni maji. Uliapa kwa ulichokijua, na ulichokijua ndicho ulichokisema.

Yule mzee akatuonyesha na jambo la pili. Kwenye mtungi wa marashi yaliyotulia, juu kabisa, palikuwa na utando mwembamba unang'aa. Akasema hayo ni mafuta ya waridi lenyewe. Yametoka ua moja, chungu kimoja, na maji yale yale, na bado yamejitenga yakakaa juu. Hapo nikamgeukia Bi Latha, nikamwambia leo usiponieleza kwa nini mafuta na maji hayachanganyiki sishuki mlima huu. Alinieleza njia nzima mpaka kaka yake Bi Thuwaiba akawasha redio.

Nakueleza nilivyoelewa. Maji ukiyagawanya mpaka ufike kwenye chembe ndogo kabisa isiyoonekana, kila chembe ina pande mbili zenye umeme mdogo mno. Umeme wa upande huu ni tofauti na wa upande ule, na upande huu wa chembe moja unauvuta upande ule wa chembe nyingine. Kwa hiyo chembe za maji muda wote zimeshikana, zinaachiana na kushikana tena, hazitulii. Chembe za mafuta hazina umeme wa namna hiyo. Ni ndefu, na karibu mwili wake wote hauna mahali pa kushikwa na maji. Ukimimina mafuta kwenye maji, ili yapenye ni lazima maji yaachiane kwanza yayapishe, na maji hayakubali kuachiana kama hayapati kitu kingine cha kushika. Basi yanayasukuma mafuta kando, mafuta yanakutana yenyewe kwa yenyewe, na kwa kuwa ni mepesi kuliko maji, yanapanda juu.

Mimi miaka yote nilidhani mafuta yanayachukia maji. Bi Latha anasema hakuna chuki yoyote pale, ni maji tu yanapendana kupita kiasi. Ndiyo maana sukari inayeyuka, ina pa kushikwa. Siki inachanganyika na maji, na spiriti ya hospitali inachanganyika, kwa sababu chembe zake nazo zina sehemu ambayo maji yanaishika. Mafuta ya taa, ya alizeti, ya nazi, hayana. Hata uyaombee dua.

Ukitikisa chupa kwa nguvu, unayavunja mafuta kuwa matone madogo madogo yaliyotapakaa kwenye maji, ndiyo ule weupe uliokufurahisha. Mtu anadhani yamekubaliana. Ukiiacha chupa usiku kucha dirishani, matone yanatafutana, yanaungana, yanapanda. Asubuhi anakuja shangazi wa mtu na mdomo wake.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye utamu. Tui la nazi ni nini? Lina maji na lina mafuta, na tunalipikia wali bila kuona mafuta yameelea upande wake. Bi Latha anasema ndani ya nazi kuna kitu cha tatu, protini, inayofanya kazi kama ile ya kwenye maziwa. Inayazunguka matone ya mafuta, inashika mafuta kwa upande mmoja na maji kwa upande mwingine. Sabuni nayo inafanya kazi hiyo hiyo, na kwenye losheni zetu tunatia nta maalumu ya kuyashikiza. Wiki moja umeme ulikatika mashine ikiwa katikati ya kazi, losheni yote ikakatika, madonge huku na maji kule, sawasawa na tui lililochemka bila kukorogwa. Nilisikia harufu ya jiko lako, wallahi, ingawa hapakuwa na nazi.

Na wewe ukitaka mafuta unafanyaje? Unachukua tui, unalichemsha mpaka likatike. Moto unaivuruga ile protini, mafuta yanabaki hayana wa kuyashikiza kwenye maji, yanapanda, unayaengua kwa upawa. Maji yaliyosalia unayakausha kwa moto mdogo mpaka ule mlio wa kupasukapasuka unyamaze. Ulinifundisha mwenyewe kusikiliza ule mlio, ukaniambia mafuta yenye maji yanachacha. Unaona, Mama Mkubwa? Kama mafuta yangekubali kukaa na maji, wewe usingepata hata chupa moja ya mafuta ya nazi maisha yako yote. Jambo lililokuaibisha Zinga ndilo lililokulisha na kutulisha sisi. Mimi nimesoma kwa mafuta hayo.

Sitaki kukudanganya kwamba hakuna kosa. Lipo, na nisamehe kwa kukuambia wazi. Ulijaribu kitu kipya kwenye chupa ya mwali wa watu kabla hujakijaribu nyumbani. Hilo ndilo kosa lenyewe, halina zaidi. Kuiba hukuiba, kudanganya hukudanganya. Na kuhusu kiapo, mimi si shekhe, lakini nenda kwa Maalim umweleze kama nilivyokueleza hapa, mwenye kuapa kwa alichokiamini ni kweli, kisha ikadhihiri vinginevyo, hukumu yake nini. Nadhani atakuambia ule chakula chako cha mchana kwa raha zako. Muulize lakini, usinisikilize mimi.

Pamoja na barua hii Bi Saumu atakupa kichupa kidogo nilichokifunga kwa kitambaa. Hayo ni mafuta ya waridi yenyewe, ule utando wa juu niliokuambia. Matone mawili matatu kwenye chupa ya mafuta ya nazi yanatosha, na yatachanganyika bila kutikiswa sana, kwa sababu ni mafuta kwa mafuta. Marashi yabaki kwenye mrashi, kazi yake ni kunyunyiziwa watu.

Na ningekuomba jambo gumu. Mwite yule shangazi. Najua utasema bora umwite chui. Mwite, mpe chai na vitumbua, mletee glasi. Mwambie aje na mafuta aliyoyanunua mwenyewe na marashi ya kabatini kwake, achanganye kwa mkono wake, atikise mpaka achoke, kisha aiweke glasi hapo mezani mkiwa mnazungumza. Usimweleze kitu. Chai ya pili haitaisha kabla hajaanza kuona. Ukimweleza ataona unajitetea, akiona mwenyewe atanyamaza, na huyo akinyamaza Zinga nzima itauliza kulikoni.

Rehema, sasa kama kuna mgeni ukumbini, ingieni chumbani kwanza. Na wewe usicheke unaposoma.

Mama Mkubwa, kuna kijana anaitwa Salim, fundi wa viyoyozi. Kwao Pangani. Alikuja kutengeneza kiyoyozi cha kiwandani, akakitengeneza, kisha kikawa kinaharibika kila wiki, mpaka Bi Thuwaiba akamwambia aseme anachokitaka tupumzike. Amesema. Ana heshima, anaswali, na mama yake nimezungumza naye kwa simu, akaniuliza ninatokea nyumba gani ya Bagamoyo. Nilipolitaja jina lako akanyamaza, moyo ukanipasuka, nikajua habari za Zinga zimefika na huko. Kumbe alikuwa anatafuta sauti. Akaniambia wewe ndiye uliyemsinga yeye, miaka hiyo, na mpaka leo akisikia harufu ya mrihani anakumbuka jinsi ulivyomfuta machozi kwa ncha ya kanga yako na kumwambia asiogope. Akasema hamjui somo mwingine anayemwamini.

Wazee wao wanataka kuleta posa kwa Baba Mdogo huko Mlingotini baada ya Ramadhani. Mimi nimeridhia, ila nimewapa sharti moja, na wamelikubali. Mama mzazi hamsingi mwanawe, hiyo naijua. Wewe ni dada wa mama, Mungu amrehemu, mila haina neno hapo. Sitaki mtu wa saluni. Sitaki mkono mwingine wowote unipake mafuta siku ile, na sitaki mafuta yaliyopikwa kwenye chungu cha mtu mwingine. Kama wewe hutasinga tena mwali yeyote duniani, basi na mimi si mwali. Mwambie Baba Mdogo awapokee wageni kwa heshima, awape chai, awaeleze kwamba binti amegoma.

Nisalimie Baba Mkubwa, mwambie redio yake mpya nitakuja nayo mwenyewe. Msalimie Baba Mdogo na mke wake wa Mlingotini, na wajukuu wote. Bibi mzaa mama mwambie namwamkia, na asinifichie huo mgongo, niambiwe ukweli. Msalimie jirani uliyempa chungu, umwambie kwa upole ang'oe maua yake. Rehema, wewe pokea busu, na kanga iliyo chini ya mkoba wa Bi Saumu ni yako.

Jibu lako nalingoja kwa hamu na kwa woga. Likiwa ni ndiyo usinipigie simu, nitapiga kelele kazini. Mwambie Rehema anitumie picha ya chungu kikiwa motoni, nitaelewa.

Ni mimi, mwanao siku zote, na mwali wako ukinikubali,

Zuhura